Dirisha la Upande wa Mashariki

Mama Chiriku alikuwa ameanza kufunga vyombo. Si kwamba amekubali kuhama, alimweleza Inspekta. Ni mikono tu iliyokataa kukaa bure. Sufuria ndogo alizitumbukiza ndani ya kubwa, kubwa akaifunga kwa shuka, fundo likabana sawasawa. Kisha akakumbuka kwamba mtoto hajanywa maziwa, akalifungua fundo lote upya kutafuta sufuria ya kuchemshia.

"Usinione nimerukwa na akili, afande. Nikitulia nitalia. Na nikilia, huyu naye ataniunga mkono."

Huyu alikuwa Chiriku, binti yake wa pekee, aliyepewa jina hilo na majirani kwa jinsi alivyokuwa haishi kusema. Leo alikuwa kimya. Homa ilikuwa imemlaza chumbani tangu jana.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuibeba. Baba Chiriku aliiuza nyumba hii, akapokea malipo, akazima simu na kuyeyuka. Mnunuzi, muuguzi mstaafu, mama wa watu asiye na kosa, alikuwa na mkataba wa mauzo pamoja na karatasi ya ridhaa ya mke, iliyotiwa sahihi mbele ya wakili. Mama Chiriku aliapa kwamba hajawahi kukanyaga ofisi ya wakili yeyote tangu azaliwe. Kesho asubuhi hakimu angesikiliza ombi lake la zuio. Likikataliwa, mnunuzi angekabidhiwa funguo, na mama na mtoto wangetoka na sufuria zao. Mtaalamu wa kulinganisha maandishi alikuwa ameomba wiki kadhaa. Inspekta alikuwa na leo tu.

Alivuta kiti. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kutazama mikono ya mtu badala ya uso.

"Siku ile ya sahihi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nafua."

"Nani alikuona?"

"Beseni. Liite likatoe ushahidi."

"Kitambulisho chako kiliwahi kutoka mikononi mwako?"

"Baba Chiriku alikiomba. Alisema wanabadilisha mita za maji, wanataka vitambulisho vya wote wawili. Jioni nikakikuta juu ya meza. Hata sikuuliza. Mtu unaulizaje mumeo habari za mita?"

"Unamshuku nani?"

Mama Chiriku alitazama sakafu. "Yupo mmoja wa saluni. Watu walinitajia, nikajitia uziwi."

"Usimtaje mbele ya mtoto," ilisema sauti kutoka kiti cha karibu na mlango.

Huyo alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba Chiriku. Alikuwa amekunja miguu, nguo za mtoto zimejaa mapajani, anazikunja moja moja na kuzinyoosha kwa kiganja. Tangu balaa lianze alikuwa akija kila siku. Anafua, anachota maji, anamwimbia Chiriku.

"Wifi yangu ndiye pekee aliyebaki upande wangu," alisema Mama Chiriku. "Ndugu wengine wa mume wangu hata simu zangu hawapokei."

"Ndugu yangu amenivua nguo hadharani," Shangazi alisema, macho kwenye kigauni alichokuwa akikikunja. "Nitauficha wapi uso?"

Kutoka chumbani mtoto aliita kwa sauti ya kukwaruza: "Shangazi, njoo!"

"Njoo wewe huku, mwanangu. Shangazi hapiti hapo."

Inspekta aliinua nyusi. Mama Chiriku alipunguza sauti. "Mama yake alifia humo ndani. Tangu siku hiyo havuki lile pazia. Akija anakomea hapa sebuleni. Hata nilipojifungua, mtoto nilimletea hapa hapa akamwona."

Inspekta akaenda yeye kumjulia hali mtoto. Kilikuwa chumba chembamba: kitanda, sanduku la nguo, mwanasesere aliyepoteza mkono mmoja. Dirisha moja lilitazama uani, kwenye kamba ya kuanikia. Ukuta wa upande wa pili ulitundikwa kitambaa kikubwa chenye picha za samaki. Joto lilikuwa limesimama humo kama mtu.

"Hewa haina pa kupita," alisema Mama Chiriku nyuma yake.

"Na hicho kitambaa?"

"Nimefichia plasta. Pale inabanduka kila mwaka, fundi anapaka, inabanduka tena. Nikachoka, nikaweka samaki."

Inspekta aligusa paji la uso la mtoto, akaaga.

*

Dalali aliyeshughulikia nyumba ile aliitwa Bwana Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Nyingi hazikuwa zikifungua chochote. Alizivaa ili wateja wamwamini. Kibanda chake kilikuwa kimebandikwa picha za nyumba kuanzia chini hadi juu, baadhi zikiwa zimepauka hata hujui kama bado zimesimama.

"Afande! Unatafuta nyumba, au unanitafuta mimi?"

"Nikikupata wewe, ya nyumba nitayapata."

Alicheka, kisha akaona Inspekta hacheki, akaketi.

"Mke wa muuzaji ulimwona?"

"Sikumwona. Nilimtembeza mnunuzi siku ambayo mama mwenye nyumba katoka. Muuzaji ndiye aliyepanga hivyo."

"Hukuona ajabu?"

"Ningekuwa naona ajabu kila siku, afande, ningekufa njaa."

"Mnunuzi hakuuliza habari za mke?"

"Mnunuzi yule? Aliuliza maswali yote ya dunia! Tangi la maji linabaki au linaondoka? Feni za darini ni za nani? Mpaka wa nyuma uko kwenye ukuta au kwenye mti? Nikamwambia, mama, kilichofungwa kwa saruji na misumari kinabaki, kinachobebeka kwa mkono kinaondoka, isipokuwa mkiandikiana vinginevyo. La mke nikamwambia hilo ni la wakili, mimi kazi yangu ni milango."

"Umewahi kukamatwa kwa kuleta mama mwenye nyumba wa kukodi."

Funguo zilikoma kulia. Bwana Funguo alikuwa amezishika zote kwa mkono mmoja.

"Yule mama alikodiwa na mtu mwingine. Mimi nilimfungulia mlango tu. Nikalala rumande kwa ajili ya kitasa. Nilijifunza, afande."

"Ulijifunza nini?"

"Kutofungua mlango kabla sijajua nani anaingia." Alijisogeza mbele. "Nikwambie kitu. Siku ya sahihi nilipeleka ramani kwa wakili. Baba Chiriku alikuwa ameegesha gari chini ya ofisi. Mbele kulikuwa na mwanamke, mtandio kichwani, miwani myeusi. Nikajisemea, aha, ndiye yule wa saluni, leo kamleta mpaka kwenye mambo ya maana."

"Yule wa saluni unamfahamu kwa sura?"

"Namfahamu, ndiyo. Ananinyoa."

"Na uso wa yule wa garini uliuona?"

Bwana Funguo alizigeuza funguo zake mkononi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mwongo kwa kiwango alichosifiwa.

"Niliona miwani," alisema mwisho. "Niliona mtandio. Uso... uso nilijazia mwenyewe."

Inspekta alisimama. Mwanamke wa saluni sasa alikuwa na gari, miwani na sababu. Vilimkaa vizuri mno, kama nguo ya kuazima iliyobahatika kuenea.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Alikuwa mzee, amevaa tai, na alisisitiza kumkaribisha mgeni chai kwa mkono wake mwenyewe. Inspekta alimtazama mikono. Wakati wa kumimina, wakili aliuweka ukingo wa kidole ndani ya kikombe, akangoja joto lifike kwenye ncha, ndipo akaacha kumimina.

"Mzee, macho yako yako vipi?"

Birika lilitua juu ya meza polepole.

"Yana ukungu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mauzo haya, kama ndilo unalouliza. Daktari anasema yatasafishwa. Nangoja zamu." Aligeuza uso kuelekea kiti cha Inspekta, akakosea kidogo, akawa anaongea na bega lake. "Ukiliandika hilo, nimefunga ofisi."

"Nisipoliandika, mama na mtoto wake wako barabarani kesho."

Chini, mtu alikuwa akikata kioo. Mlio mrefu, kisha kuvunjika kusafi.

"Andika," alisema.

"Aliyetia sahihi ndiye Mama Chiriku, yule uliyeonyeshwa kituoni?"

"Siwezi kuapa kwamba ndiye, siwezi kuapa kwamba siye. Aliyekuja kwangu alivaa miwani na mtandio. Wa kituoni niliona kivuli kinacholia. Ningemtambua kwa sauti, lakini wa kituoni alikuwa analia, na sauti ya kilio haina mwenyewe."

"Basi ulijuaje kwamba ni mke? Kwa kitambulisho?"

"Kitambulisho ni karatasi ngumu tu, nacho huibwa." Alinyoosha mgongo, sasa alikuwa kwenye uwanja wake. "Afande, kila siku watu wananijia na swali lilelile. Hati ina jina langu peke yangu, ya nini kumuuliza mke? Nawajibu, nyumba ambayo familia inalala ndani yake si shati, ulivue utakapo. Sheria inataka mwenzako aseme ndiyo, aseme mwenyewe, pasipo kusukumwa. Kwa hiyo mume nilimtoa nje, nikabaki na mke, nikafunga mlango."

"Na ridhaa ikigundulika ni ya uongo?"

"Mauzo yanaanguka. Mnunuzi atabaki na haki ya kumdai muuzaji popote alipo, na nyumba itarudi ilikokuwa. Lakini mtu akisimama mbele ya hakimu na kusema 'si mimi', hakimu atauliza, kama si wewe, ni nani?"

"Ulipofunga mlango ukamfanyia nini?"

"Nilimuuliza swali langu. Nina swali moja huwauliza wote. Siulizi tarehe ya ndoa wala majina ya watoto, hayo watu hufundishana wakiwa njiani. Nauliza: ukiamka asubuhi nyumbani kwako, kitu cha kwanza unafungua nini?" Alitabasamu kidogo. "Wa kukodiwa husema mlango. Wote husema mlango."

"Na huyu?"

"Huyu hakuharakisha. Akasema: 'Nafungua dirisha la chumba cha mtoto, lile la upande wa mashariki. Nalisukuma kwa kiganja, kwa sababu linakwama, na jua linampiga mtoto usoni, anaamka anacheka.'" Wakili alivua miwani yake isiyomsaidia. "Sikuliandika jibu hilo mahali popote. Nilikaa nalo tu. Nikasema moyoni, huyu ni wa nyumba ile. Jambo kama hilo mtu halitungi. Nikagonga muhuri."

Inspekta hakuwa amegusa chai.

"Alisema mashariki?"

"Jua la asubuhi hutokea upande gani mwingine, afande?"

"Mzee, chumba cha yule mtoto kina dirisha moja, nalo linatazama uani, magharibi. Upande wa mashariki kuna samaki."

"Kuna nini?"

"Ukuta," alisema Inspekta, naye tayari amesimama. "Kesho asubuhi fika mahakamani mapema. Nitakuletea sauti."

Aliteremka ngazi akiwa anapanga mambo kichwani, moja juu ya jingine. Aliyefundishwa hufundishwa nyumba iliyopo. Baba Chiriku angemfundisha mwanamke wa saluni, angemwambia habari za kamba ya kuanikia, za uani, za mtoto anayesema sana. Hakuna mume atakayemfundisha mke bandia kufungua ukuta. Wala hakuna mtunzi wa uongo anayejua kwamba dirisha linakwama. Mwanamke yule alikuwa amesema kweli. Ila kweli yake ilikuwa ya nyumba iliyokuwepo zamani.

*

Ubavuni mwa nyumba ile, upande wa mashariki, palikuwa na kiwanda kidogo cha mikate. Mwenyewe, mzee mfupi mwenye unga mpaka kwenye kope, alikuwa akifagia.

"Mikate imekwisha, afande."

"Nimekuja kwa ajili ya ukuta. Ule wa jirani yako."

Walitoka nje wakasimama kwenye kichochoro. Ukitazama ukuta ukiwa karibu huoni kitu. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, na jua likiwa la ubavu, unaona umbo la mraba, rangi yake imekataa kufanana na ya wenzake.

"Palikuwa na dirisha," alisema mwokaji kabla hajaulizwa. "Na lililoliziba ni kosa langu. Enzi zile natumia kuni, moshi wote unaingia kwao. Baba wa nyumba alikuja akaniambia, jirani, siwezi kukufungia kazi, nitafunga dirisha. Akalijengea ukuta na kijana wake, huyu Baba Chiriku. Mpaka leo nikikumbuka naona haya."

"Mkewe hakulalamika?"

"Mkewe alikuwa ameshazikwa. Angekuwa hai, asingekubali! Yule mama alikuwa mtu wa dirisha. Kila asubuhi analipiga kiganja, pa! Linafunguka, ananiamkia akiwa ndani, na binti yake nyuma yake kitandani anajifunika uso anacheka."

"Binti yake alikuwepo walipoziba?"

"Aa, wapi. Alikuwa ameshaolewa mbali. Huku akija ni kwenye misiba tu."

"Na Mama Chiriku?"

"Huyo hakuwa ameletwa bado. Alikuta ukuta."

Inspekta aliandika maelezo yake, akamsomea, mwokaji akatia sahihi na alama ya unga.

"Na moshi wako siku hizi?"

"Moshi gani? Natumia umeme tangu zamani." Alitazama ule mraba. "Hakuna aliyekumbuka kufungua, basi."

Watu wanne waliwahi kuliona dirisha lile wakiwa ndani. Wawili wamezikwa. Mmoja ni Baba Chiriku, mwanamume mwenye ndevu. Inspekta hakuwa na haja ya kuendelea kuhesabu.

*

Sebuleni mambo yalikuwa kama alivyoyaacha, ila fundo la vyombo lilikuwa limeongezeka. Shangazi alikuwa kwenye kiti kilekile, anakamua kitambaa cha maji kwa ajili ya homa ya mtoto. Mama Chiriku alisimama ghafla, sufuria mkononi.

"Umempata?"

"Kaa kidogo, mama. Nina maneno na wewe." Kisha akamgeukia Shangazi, sauti ileile ya upole. "Shangazi, mtoto amelowa jasho humo ndani. Tafadhali mfungulie dirisha."

"Mimi hapo sipiti, afande. Wifi yangu alikueleza."

"Alinieleza. Leo nakuomba upite."

Mama Chiriku alitaka kwenda yeye. Inspekta alimgusa mkono. Chumbani mtoto akaita, "Shangazi, maji!"

Shangazi alikaa bado kidogo. Halafu akainuka na kile kitambaa, maji yakimdondokea miguuni, akafika kwenye pazia, akainamisha kichwa na kuvuka. Inspekta alimfuata akabaki kizingitini, Mama Chiriku nyuma yake.

Dirisha la uani lilikuwa wazi tayari, limeachwa hivyo tangu asubuhi. Shangazi alilitupia jicho, akaona halihitaji mkono wake. Akapita pembeni ya kitanda bila kutazama anapokanyaga, kama mtu anayepita kwake gizani, akaenda moja kwa moja kwenye samaki. Alikiinua kitambaa cha samaki kwa mkono wa kushoto, kile cha maji kikiwa bado humo. Kiganja cha kulia alikuwa amekiinua tayari kusukuma.

Kiligonga ukuta.

"Hapo ukuta, Shangazi," alisema Chiriku kitandani, kwa subira ya mtoto anayemwelekeza mtu mzima. "Dirisha ndilo hili huku."

Shangazi hakugeuka. Alikisogeza kiganja juu ya plasta, juu, chini, ukingoni, akifuata mraba. Punje za mchanga zilianguka sakafuni.

"Wameliziba," alisema.

"Muda mrefu sasa," alisema Inspekta. "Hukujua, kwa sababu huvuki pazia. Mara ya mwisho kulifungua ilikuwa lini?"

"Sijawahi kulifungua." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikuwa analifungua mama. Mimi nilikuwa mtoto pale kitandani."

Mama Chiriku alitazama uso wa Inspekta, kisha mgongo wa wifi yake, kisha tena uso wa Inspekta. Hakuelewa. Ndipo akaelewa. Sufuria ilibaki mkononi mwake, ameishika kwa mpini, haiweki chini.

"Shangazi," alisema Inspekta, "una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwa na wakili. Utakayoyasema nitayaandika."

"Yaandike." Shangazi aligeuka. Hakumtazama Inspekta. "Wifi, alikuja akaniambia umekubali. Akasema mtoto anaumwa, huwezi kutoka, wakili naye ana haraka, nikukalie tu kiti. Alinipa kitambulisho chako, akaninunulia miwani. Akasema safari hii nitapata sehemu yangu. Nyumba ya mama yangu, wifi. Baba alimwandikia yeye yote. Mimi sikupewa hata kijiko."

"Ukaamini kwamba mimi nimekubali?"

"Nilitaka kuamini. Mpaka nilipokuja hapa nikakukuta umekaa sakafuni na ile barua ya kukutoa. Ndipo nikajua." "Nikanyamaza. Simu yake nayo inaita wapi? Na mimi amenizimia."

"Ulinifulia nguo za mwanangu."

"Nilifua."

"Ukanitazama nikifunga vyombo."

"Nilikutazama."

"Kila siku."

"Kila siku, wifi. Sikuweza kusema, na nyumbani sikuweza kukaa."

Chiriku aliwatazama wote watatu, akavuta mwanasesere karibu. Mama yake aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakichukua kile kitambaa cha maji mkononi mwa Shangazi, akakiweka kwenye paji la uso la mtoto.

"Wakili alikuuliza swali," alisema Inspekta. "Kwa nini hukumjibu mlango?"

Shangazi alifikiri, kana kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Aliniuliza kwa upole," alisema. "Akasema, nyumbani kwako. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za nyumbani kwangu. Nikasema lililonijia."

"Haya uliyoniambia mimi hayatoshi. Kesho yatamfaa zaidi hakimu, kwa kinywa chako. Na wakili atakaa hapo akusikie."

"Atanijua?"

"Atakujua."

"Basi nitasema." Alijifunga mtandio upya. Alipofika mbele ya kitanda alisimama, akawa kama mwenye kutaka kuinama kwa mtoto, asijue kama bado ana ruhusa. Mama Chiriku hakuinua kichwa. Lakini alisogeza goti, na nafasi ikapatikana. Shangazi akainama, akaugusa mguu wa mtoto juu ya shuka, akatoka kupitia pazia.

Konstebo alikuwa akingoja na gari barabarani. Inspekta alimkabidhi Shangazi, akarudi mlangoni kuchukua kofia yake aliyoisahau kwenye kiti. Mama Chiriku alikuwa amesimama katikati ya sebule, mbele ya lile fundo kubwa la shuka.

"Afande. Kesho ikienda vizuri, nyumba inabaki?"

"Zuio litatoka kwanza, hilo sina shaka nalo. Kisha kesi yenyewe itaenda kwa mwendo wake, na mauzo yatafutwa. Mnunuzi atakuwa na machungu yake, naye tutamtafutia aliyemuuzia. Lakini hapa hutoki."

Mama Chiriku alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alichuchumaa, akaanza kulilegeza fundo kwa kucha.

"Na pale ukutani," alisema bila kuinua macho. "Pale pabovu. Panaweza kufunguliwa tena?"

"Jirani hana moshi siku hizi. Ngoja hakimu aseme. Akishasema, mwite fundi."

Fundo lilikubali. Sufuria kubwa ikatoka, halafu ndogo zilizo ndani yake, moja baada ya nyingine, zikapangwa chini zikigongana. Kutoka chumbani, kwa mara ya kwanza tangu jana, ilisikika sauti ya Chiriku wa siku zote, imekauka lakini imeamka.

"Mama! Wakifungua dirisha, samaki watakaa wapi?"